Mwalimu Nyerere: Maisha yake, kiharusi cha siku za mwisho na protini inayolinda ubongo

Alhamisi ya Oktoba 14, 1999, Rais Benjamin Mkapa alilitangazia taifa kwamba Mwalimu Julius Kambarage Nyerere amefariki dunia. Alifia London, katika Hospitali ya St Thomas', akiwa na umri wa miaka 77. Vijijini habari ile ilifika kwa redio. Wazee waliokuwa shambani siku hiyo wanaikumbuka mpaka leo.

Wengi wanajua kuwa Mwalimu aliugua saratani ya damu. Wachache wanakumbuka kwamba katika siku zake za mwisho alipigwa pia na kiharusi, na kwamba fahamu hazikumrudia tena. Kiharusi ndicho kinachopooza wazazi wetu Mpanda, Mlele, Inyonga na Karema. Kwa hiyo makala hii itapita kwenye maisha ya Baba wa Taifa tangu Butiama hadi London, kisha itaeleza kiharusi hufanya nini ndani ya kichwa, na wanasayansi wamegundua nini kuhusu protini ambayo ubongo wenyewe huitengeneza ili kujilinda.

Mtoto wa mvua

Julius Nyerere alizaliwa Aprili 13, 1922 Butiama, mkoa wa Mara wa sasa. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano wa chifu huyo. Nyumba ile ilikuwa na watoto 26. Mtoto huyu alipewa jina Kambarage, jina la roho ya mvua, kwa sababu siku aliyozaliwa mvua kubwa ilinyesha.

Utoto wake ulikuwa kama wa mtoto yeyote wa mfugaji na mkulima. Alichunga mifugo, alilima, alicheza bao. Shule aliianza akiwa na miaka 12, mwaka 1934, alipopelekwa Mwisenge, Musoma. Alichelewa, lakini akili yake ilikuwa nyepesi, na mwaka 1937 alipata nafasi Tabora.

Hapa tunaanza kukaribia kwetu. Tabora ndiko treni ya Mpanda inakoelekea baada ya kuungana na reli ya kati pale Kaliua. Shule ya Serikali Tabora ilikuwa na sifa ya kusomesha watoto wa machifu na wale waliotazamiwa kuwa watumishi wa serikali ya kikoloni. Mwalimu alisoma pale hadi 1942. Mwaka 1943 alibatizwa katika Kanisa Katoliki kwa jina la Julius, na mwaka huohuo akaenda Chuo cha Makerere, Uganda, kusomea ualimu.

Alipomaliza Makerere alirudi Tabora, safari hii akiwa mwalimu wa shule ya St Mary's. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akahitimu shahada ya uzamili mwaka 1952. Akarudi nyumbani, akamuoa Maria Gabriel Januari 1953, akaanza kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Jina la Mwalimu halikuwa la heshima tupu. Ndiyo kazi aliyoisomea.

Kutoka darasani hadi Ikulu

Julai 7, 1954, ile Saba Saba tunayoiadhimisha kila mwaka, chama cha TANU kilizaliwa na Nyerere akiwa rais wake. Machi 1955 alikwenda New York, akazungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya Tanganyika kujitawala. Aliporudi alitakiwa kuchagua: ualimu au siasa. Akaacha kazi yenye mshahara.

Tabora ilimwona tena Januari 1958. TANU ilikutana pale kuamua kama ikubali uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi waliuona kuwa ni dharau. Mwalimu aliwashawishi washiriki, kwa hoja kwamba kususia kungewaachia wengine uwanja. Mkutano ule unakumbukwa kwa jina la Uamuzi wa Busara, na TANU ikashinda.

Uhuru ukaja Desemba 9, 1961. Mwaka mmoja baadaye Tanganyika ikawa Jamhuri na yeye rais wake wa kwanza. Aprili 26, 1964 Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha. Oktoba ya mwaka huo Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuonyesha kwamba analiunga mkono Azimio kwa vitendo. Alikuwa na miaka 45, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka.

Si kila jambo lilikwenda vizuri. Uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 ulifanyika mahali pengi kwa nguvu, na watu waliacha mashamba na makaburi ya wazazi wao. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, sukari, sabuni na nguo vilikuwa shida madukani. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba yapo mambo yaliyokosewa.

Lakini lipo jambo moja la miaka ile ambalo sisi wa redio tunalikumbuka. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu takriban milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio kuhusu malaria, kichocho, minyoo, kuhara damu na kifua kikuu, kisha wakajadiliana na kwenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Redio ilikuwa darasa la afya. Kiharusi na presha havikuwamo katika orodha ile. Leo vingekuwemo.

Mwalimu na watu wa Mpanda

Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi. Maelfu ya watu walikimbia, wengi wakaingia Tanzania. Serikali ya Mwalimu iliwapa ardhi badala ya kuwafungia kambini. Hapa Mpanda yalifunguliwa makazi ya Katumba mwaka 1973, na baadaye Mishamo mwaka 1978. Kila familia ilipata eneo la kulima. Misitu ya miombo ikageuka mashamba ya mahindi, maharage, mihogo na tumbaku.

Kwa kazi hiyo Mwalimu alipewa tuzo ya Nansen mwaka 1983, tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowatumikia wakimbizi. Miaka mingi baadaye, zaidi ya watu 160,000 kati ya waliokuja mwaka 1972 na watoto wao walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Ukipanda basi kwenda Katumba leo, majirani zako kwenye kiti ni matunda ya uamuzi ule.

Novemba 1985 Mwalimu aliondoka Ikulu kwa hiari, jambo ambalo marais wengi wa Afrika wa wakati ule hawakulifanya. Alirudi Butiama kulima. Lakini hakupumzika. Aliongoza Tume ya Kusini iliyotetea nchi maskini, na kuanzia mwaka 1996 alikuwa msuluhishi wa vita ya Burundi. Mazungumzo rasmi yalianza Arusha mwaka 1998. Kwa watu wa Katumba na Mishamo haya hayakuwa mazungumzo ya mbali, kwa sababu yaligusa ndugu zao waliobaki ng'ambo ya mpaka.

London, Septemba na Oktoba 1999

Ilijulikana mwaka 1998 kwamba Mwalimu ana saratani ya damu. Aliendelea kufanya kazi. Septemba 1999, akiwa London kwa matibabu, hali yake ilibadilika akalazwa St Thomas', hospitali inayotazamana na Bunge la Uingereza ng'ambo ya mto Thames. Mwanzoni mwa Oktoba alipata kiharusi kikubwa akiwa hospitalini, akawekwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hakuamka.

Watu huuliza: saratani ya damu na kiharusi vinahusiana vipi? Katika damu yetu kuna chembe sahani, zinazoziba mahali mshipa unapopasuka. Seli za saratani zikiwa nyingi, huweza kuzinyima chembe hizo nafasi ya kutengenezwa, na damu ikavuja kwa urahisi, hata ndani ya kichwa. Wakati mwingine huwa kinyume: damu inakuwa nzito na kuganda mahali isipotakiwa. Njia zote mbili zinaweza kumfikisha mtu kwenye kiharusi.

Alizikwa Butiama Oktoba 23, 1999. Mazungumzo ya Burundi aliyaacha njiani. Nelson Mandela aliyapokea, na mkataba ukasainiwa Arusha Agosti 28, 2000, miezi kumi baada ya msuluhishi wa kwanza kuzikwa.

Kiharusi hufanya nini ndani ya kichwa

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Hauna ghala la akiba. Unaishi kwa kile damu inachouletea sasa hivi.

Kiharusi kiko cha aina mbili kubwa. Cha kwanza ni pale mshipa wa damu unapoziba, kama mfereji wa shamba la mpunga ulioingiwa na gogo. Mpunga ulio mbele ya gogo unakauka. Cha pili ni pale mshipa unapopasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo. Kwa nje wagonjwa hawa wawili wanaweza kufanana kabisa. Kinachowatofautisha kwa uhakika ni picha ya kichwa inayopigwa kwa kipimo cha CT.

Katika kiharusi cha kuziba, wataalamu wamekadiria kwamba mgonjwa asipotibiwa hupoteza karibu seli milioni 2 za ubongo kila dakika. Seli hizo haziko sawa. Nyingine hufa mapema, nyingine huvumilia. Swali la kwa nini zinatofautiana lilikaa bila jibu kwa zaidi ya miaka 80.

Protini iitwayo hamatini

Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu inayoshughulika na kumbukumbu. Ndiyo inayokuwezesha kukumbuka jina la mjukuu uliyetambulishwa jana, au mahali ulipoweka jembe. Madaktari walikuwa wameona tangu mwanzoni mwa karne iliyopita kwamba damu ikikatika kwenye sehemu hiyo, kundi moja la seli hufa, na kundi jingine lililo jirani kabisa hubaki hai. Kichwa ni kilekile na ukosefu wa oksijeni ni uleule.

Mwaka 2013, miaka 14 baada ya kifo cha Mwalimu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, wakiongozwa na Profesa Alastair Buchan, walichapisha jibu. Walichunguza panya waliokatiziwa damu ya ubongo kwa muda mfupi. Wakaona kwamba zile seli zinazovumilia huongeza protini iitwayo hamatini, na zile zinazokufa haziongezi hivyo. Protini hii haitoki dukani. Ubongo wenyewe huitengeneza.

Hawakuishia hapo. Walipopunguza hamatini kwenye seli za panya, seli zilizokuwa ngumu zikawa dhaifu. Walipoiongeza kwenye seli dhaifu, zikaweza kuhimili kukosa damu. Hiyo ndiyo njia ya kuthibitisha kwamba kitu kimoja ndicho chanzo cha kingine, na kwamba havijakutana kwa bahati tu.

Inafanyaje kazi? Hamatini husaidia seli kufanya usafi. Seli iliyobanwa hukusanya vitu vibovu ndani yake. Ikiweza kuvivunja na kutumia vipande vyake tena, inapata nguvu kidogo ya kusubiri damu irudi. Ni kama mama ambaye ghala limekwisha kabla ya mavuno, akaokota punje sakafuni na kupepeta makapi ili watoto wavuke wiki moja zaidi. Mavuno hayajaja, lakini nyumba imebaki.

Matumaini ya watafiti ni kupata dawa itakayoamsha kinga hii, mgonjwa apewe mapema, seli zisubiri hadi damu irudi. Lakini tuseme wazi: yaliyoelezwa hapa yalionekana kwa panya. Si dawa iliyopo katika hospitali au duka la dawa. Yeyote atakayekuuzia unga, mizizi au vidonge akidai vinaongeza hamatini ya ubongo anakudanganya. Dawa nyingi zilizolinda ubongo wa panya huko nyuma hazikufanya kazi kwa binadamu, na ndiyo sababu wanasayansi wenyewe huenda polepole.

Hili linatuhusu vipi Katavi

Mwalimu alikuwa tayari ndani ya hospitali kubwa ya London kiharusi kilipompiga, na bado hakupona, kwa kuwa mwili ulikuwa umechoka kwa saratani. Wengine wanaweza kusikia hayo na kusema, basi kiharusi hakina la kufanywa. Sivyo. Viharusi vingi vya huku kwetu havitokani na saratani ya damu. Sababu kubwa ni shinikizo la juu la damu, yaani presha, nayo inapimika na inatibika.

Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya 2003 na 2006, ukachapishwa mwaka 2010, ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai, Kilimanjaro, na jijini Dar es Salaam. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na kama 316, idadi iliyo miongoni mwa kubwa zilizowahi kuripotiwa duniani. Kwa hiyo si ugonjwa wa Wazungu, wala si wa matajiri, na kijijini nako upo.

Mzee akiamka mdomo umepinda na mkono umelegea, baadhi ya familia husema amepigwa na upepo mbaya au amerogwa. Wiki mbili zinapita akizungushwa huku na kule kabla ya kufikishwa hospitali. Rudi kwenye hesabu ya seli milioni 2 kwa dakika, utaona nini kinapotea njiani.

Dalili ni hizi, na zote huja ghafla: uso au mdomo kupinda upande mmoja, mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu au kufa ganzi, maneno kukorogeka au mtu kushindwa kuelewa anachoambiwa, kutoona vizuri, kizunguzungu cha kuangusha, au kichwa kuuma kuliko ilivyowahi kutokea. Ukiwa na wasiwasi, mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, kisha arudie sentensi fupi. Akishindwa hata kimoja, usisubiri kuche.

Tazama saa na ukumbuke dalili zimeanza lini, kwa sababu daktari atauliza. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu tangu dalili zianze, na baada ya picha ya kichwa. Mlaze kwa ubavu kama fahamu zimepungua. Usimpe chakula, maji, uji wala dawa ya kunywa, maana koo linaweza kuwa limepooza na akapaliwa. Usimpe aspirini kwa kubahatisha, kwa kuwa kama mshipa umepasuka utaongeza kuvuja. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, ili apewe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Mpanda.

Tunajua barabara za Mishamo na Karema zikoje masika. Tunajua bodaboda si gari la wagonjwa. Hata hivyo, mgonjwa aliyechelewa bado ana faida kufika: presha yake itasimamiwa, atakingwa na nimonia na vidonda vya kulala, na mazoezi ya viungo yatamrudishia sehemu ya nguvu. Seli zilizobaki hai hujifunza kufanya kazi za zilizokufa, kama zikifundishwa.

Na kabla ya yote hayo kuna mkanda wa kupimia presha. Presha haiumi, kwa hiyo kujisikia mzima si kipimo. Ukishapita miaka 40, pima angalau mara moja kwa mwaka, hata kama ni mwembamba na unatembea sana. Ukiandikiwa dawa, usiziache kwa sababu umepata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa. Punguza chumvi mezani, acha sigara, punguza pombe.

Kama nyumbani una mzazi aliyezidi miaka 60 na hajawahi kupimwa, mpeleke zahanati wiki hii. Kipimo chenyewe hakichukui hata dakika tano.